Ramani, GPS na ziwa linalohama: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Kigoma

Mwakeye wandugu. Wengi mnanijua kama yule wa ramani pale Mwanga, napima mashamba kwa GPS ya mkononi na kuprinti ramani, basi. Tangu maji yalipoanza kula miji ya watu pembeni ya Ziwa Tanganyika, WhatsApp yangu haipumui, na maswali ni yaleyale, nikijibu asubuhi jioni anakuja mwingine nalo. Nimeyakusanya hapa. Sio lazima usome yote, tafuta la kwako, na nikikwambia nenda swali namba fulani nenda kweli maana sirudii.

## Simu, GPS na lokesheni

1. GPS inakula bando?

Haili. Simu inasikiliza tu setilaiti zilizo juu huko kilomita kama 20,200, haizitumii kitu chochote. Setilaiti inarusha muda wake na mahali ilipo, simu inapiga hesabu ya mawimbi yamechelewa kiasi gani kufika, ikipata nne tu inajua uko wapi. Kinachokula bando ni ile picha ya ramani inayoshushwa kwa nyuma. Ukiishusha mapema ukiwa na waifai, kwa programu za ramani kama Organic Maps au OsmAnd, hata Google Maps ina sehemu ya kuhifadhi oflaini, unaweza kutembea Mahale yote bila hata laini ndani ya simu na bado ukajua ulipo. Wavuvi wanalijua hili zamani, katikati ya ziwa mtandao hakuna na wanarudi mwaloni bila shida.

2. Mbona simu inasema niko kwa jirani, au niko ndani ya ziwa?

Simu ya kawaida ikiwa mahali pa wazi inakosea kama mita 5 hivi. Chini ya miembe, katikati ya maghorofa au kwenye korongo inakosea zaidi, kwasababu mawimbi yanagonga vitu kwanza ndo yanakuja kwako. Toka nje, simama dakika mbili, acha ule mduara wa bluu usinyae. Watu wanawasha simu ndani ya nyumba ya bati afu wanakuja kunilalamikia mimi.

Ila kama uko kwenye mchanga mkavu na ramani inakuonyesha majini, au kinyume chake, hapo inawezekana GPS iko sawa na aliyepitwa na wakati ni ramani. Nenda swali la 12.

3. Setilaiti inaniona sa hivi nikiwa uani?

Hapana mama, tulia. Zile picha unazoziona kwenye simu zimepigwa siku fulani zikashonwa pamoja, mtaa mmoja picha ya mwaka huu, mtaa wa pili ya miaka minne nyuma, na ukiangalia vizuri utaona mshono wenyewe, rangi ya majani inabadilika ghafla kama kitenge kilichoungwa. Picha kali kabisa za biashara pikseli moja ni kama sentimita 30, mtu anakuwa doa. Sura yako haionekani wala sahani unazoosha.

Swali zuri zaidi ni hii picha ni ya lini. Kwenye Google Earth ya kompyuta tarehe inaonekana chini, na kuna kitufe cha saa cha kurudisha picha za nyuma. Jamaa mmoja alitaka kununua kiwanja kwa kuangalia picha tu, picha inaonyesha uwanja mweupe, kufika pale kuna nyumba tatu na msingi wa ya nne.

4. Nimeandika kodineti nilizopewa nikatokea nchi nyingine, kwanini?

Hili ndo baba wa makosa yote, tulichukulie polepole. Mjini Kigoma tuko nyuzi 4 dakika 53 kusini ya ikweta, na nyuzi 29 dakika 38 mashariki. Kwa mfumo wa desimali ni -4.883, 29.633. Makosa yanakuja hivi:

Umesahau ile alama ya kutoa mbele ya 4. Alama hiyo ndo inasema kusini, bila yake umevuka ikweta na uko Sudan Kusini, maeneo ya Maridi.

Umegeuza, umeanza na 29 afu -4. Karibu jangwa la Sahara.

Umechukua nyuzi 4 dakika 53 ukaandika 4.53. Dakika sio desimali! Dakika ziko 60 kwenye nyuzi moja, kwahiyo 53 gawanya kwa 60 unapata 0.883. Ukiandika -4.53, 29.38 unaangukia majini, kaskazini magharibi ya mji, na hapo ndo mtu ananiambia GPS yake imeharibika.

Na unaponitumia usinikatie namba. Desimali tano ni kama mita moja ardhini, desimali nne kama mita 11. Desimali mbili ni kilomita nzima, siwezi kuja kukutafuta kijiji kizima.

5. Nikiwa Kagunga mpakani saa ya simu inarudi nyuma lisaa limoja, simu imepata virusi?

Simu imekamata mnara wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu saa moja. Zima saa ya otomatiki, weka ya Afrika Mashariki mwenyewe. Nilishakosa boti asubuhi kwa ujinga huu, nimekaa na chai yangu najua muda upo.

Ila kiukweli jua linakubaliana na Warundi. Saa yetu ya Tanzania imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, uko mbali kabisa huko hata Dar haufiki, sisi tuko 29 na kidogo. Kila nyuzi ni dakika nne. Ndo maana hapa mwisho wa reli jua la utosi ni kwenye saa saba na sio saa sita, na Dar wanawahi giza kama dakika 39 kabla yetu.

## Shamba, kiwanja na ramani za zamani

6. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, sasa mbona wewe unanipa chini ya hapo?

Ekari ni mita za mraba 4,047. Ukitaka mraba kamili ni mita 63.6 kila upande. Hatua 70 zinatoa ekari kama hatua yako ni sentimita 91, ambayo ni hatua ya mtu mrefu anayetembea kwa nia. Muuzaji akiwa mfupi ekari inapungua, mnunuzi akipima mwenyewe kwa hatua za twiga inaongezeka. Nimeshaona wazee wawili Mwandiga wanabishana hatua za nani zihesabiwe mpaka ikabidi kamba itafutwe. Na ukichukua 70 kwa mita, sio hatua, unapata 4,900, ambayo ni ekari na karibu robo ya bure.

7. Naweza kupima kiwanja changu kwa simu?

Shamba la ekari tano, sawa, kwa kujua tu ukubwa wa mbegu na mbolea. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, hapana. Hesabu mwenyewe: kosa la mita 5 kila upande, kiwanja cha mita za mraba 400 kinaweza kutoka 225 au kikatoka 625. Huo ni ugomvi na jirani, sio upimaji. Wapima ardhi wana mashine mbili zinazosahihishana, moja imesimama mahali panapojulikana na nyingine inatembea, zinashuka mpaka sentimita. Ndo wanaoweka bikoni, yaani alama za mpaka.

8. Shamba langu la mlimani Kalinzi limepungua kwenye ramani, nimeibiwa?

Hujaibiwa. Ramani inapima ardhi kama inavyoonekana kutoka juu, imelazwa. Ukitembea mita 100 kwenye mteremko wa nyuzi 30, kwenye ramani umesogea kama mita 87 tu. Kamba uliilaza juu ya kilima, ramani imekilaza kilima chenyewe. Kahawa zako ziko palepale na idadi ileile.

9. Ramani uliyoniprintia naweza kuipeleka kwenye baraza kama ushahidi?

Inaweza kusaidia watu waelewane mnaongelea kona gani, lakini sio hati, na siku zote naandika hivo chini yake. Kijijini kinachotambulika ni hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, na ili ifike huko kijiji chenyewe kiwe na cheti chake na mipaka inayojulikana na vijiji vya jirani. Pale kwenye uhakiki wa mipaka usimtume mtoto, nenda mwenyewe na majirani wa pande zote nne wawepo. Mashine inapima pale mlipokubaliana kusimama, haijui kama babu yenu alihamisha mpaka.

10. Kwanini shamba la Kasulu lilitokea katikati ya Congo?

Hili lilinipata mimi mwenyewe na aibu yake nimeshaila. Kuna aina ya pili ya kodineti, zile namba ndefu za mita, UTM. Dunia imekatwa vipande vya nyuzi sita sita, na kila kipande, ndo kinaitwa zoni, kinaanza kuhesabu upya. Sasa mkoa wetu bahati mbaya umekatwa katikati, mstari wa nyuzi 30 mashariki unapita kati ya Kigoma mjini na Kasulu. Mjini, Ujiji, Gombe, Mahale ziko zoni 35 kusini. Kasulu, Uvinza mjini, Kibondo ziko zoni 36 kusini.

Nikapima shamba Kasulu, namba zikaja vizuri zinaanza na mia na sabini na ngapi elfu, nikarudi Mwanga nikaziingiza kwenye kompyuta ambayo niliiacha zoni 35 kwa kazi ya juzi yake. Kubofya tu, shamba liko katikati ya Congo, kama kilomita 660 magharibi. Mwenye shamba amesimama nyuma yangu. Akaniuliza kwa upole kabisa, kijana, na huko nako kuna mahindi?

Ukifanya kinyume, pointi ya Kigoma mjini ukaisoma kwa zoni 36, inatua kule Kondoa. Kwahiyo mtu akikupa namba ndefu bila zoni, usizipokee, mwambie arudi nazo na zoni yake.

11. Nina ramani ya zamani ya karatasi ya baba, mbona haikubaliani na GPS?

Zile ramani nzuri za serikali za skeli moja kwa elfu hamsini zilichorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, GPS inatumia WGS84. Ni kama wapimaji wawili wameanza kuhesabu kutoka misumari miwili tofauti. Huku kwetu tofauti inakaribia mita 300, zaidi kwa kaskazini na kusini, kwenye karatasi ni kama milimita sita. Kidogo sana kwa jicho, ila ni kijito kizima ukienda kukitafuta. GPS yako ina sehemu ya kuchagua, weka Arc 1960 ukiwa unasoma karatasi hiyo, ukimaliza RUDISHA.

Na usiitupe. Ramani ya miaka ile ina majina ya mito na vilima ambayo simu haijawahi kuyasikia, afu inaonyesha pwani ya ziwa ilivyokuwa walipoichora. Mimi nazinunua.

## Ziwa

12. Ziwa limepanda kweli au ardhi ndo inazama?

Limepanda maji. Ardhi yetu ni ya Bonde la Ufa, ni kweli inatanuka, lakini kwa milimita chache kwa mwaka, haiwezi kukumezea nyumba ndani ya misimu michache. Matetemeko yapo, lile la Desemba 2005 la ukubwa wa 6.8 wengi tunalikumbuka, lakini hilo ni jambo lingine.

Ziwa ni beseni. Maji yanaingia kwa mvua, kwa Malagarasi, kwa Ruzizi inayoleta ya Kivu, na vijito vingi. Yanatoka kwa njia mbili tu, jua kuyakausha, ambayo ndo kubwa kabisa, na mto mmoja, Lukuga, upande wa Kalemie huko Congo. Mvua za 2019 kwenda 2020 zilikuwa nyingi mno Afrika Mashariki yote, Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa ya joto kuliko kawaida, kabla beseni halijapungua zikaja nyingine, afu El Niño ya 2023/24 ikamalizia. Mwaka 2024 maji yalifika kimo ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 60, na waliokuwepo 1964 walikuwa wanasema tu tuliwaambia.

Nina pini moja ya kwenye ramani, Kibirizi, nimeiweka 2019, mama mmoja ananielekeza vichanja vyake vya kuanikia dagaa ili nimchoree eneo lake. Mchanga mkavu, mbwa amelala. 2024 akanipigia nikamtolee nakala nyingine, nikasema ngoja nihakiki kwanza. Nikafuata ile pini, simu ikatoa sauti umefika. Suruali nimeikunja, maji yako magotini, vichanja hakuna, na ramani kwenye simu bado inaonyesha rangi ya mchanga.

13. Setilaiti inajuaje kimo cha maji wakati iko angani?

Inapiga rada chini, inahesabu muda wa mwangwi kurudi. Yenyewe inajua iko juu kiasi gani, inatoa umbali mpaka kwenye maji, kinachobaki ndo kimo cha ziwa. Zimefanya kazi hiyo kwa maziwa makubwa mfululizo tangu 1992, TOPEX/Poseidon, zikafuata za Jason, sasa zipo Sentinel na SWOT iliyorushwa Desemba 2022, na kwa ziwa kubwa kama letu kosa ni sentimita tu. Uzuri wa rada haijali wingu.

Usijaribu kwa simu yako. Watu wananitumia skrinishoti ya mwinuko, jana 770 leo 781, ziwa limepanda mita 11! Simu kwenye urefu wa juu na chini inakosea kuliko pembeni, tena nyingine zinahesabu kutoka umbo la dunia la kihesabu na sio usawa wa bahari. Ziwa lipo kwenye mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na mabadiliko ya kweli unayapata kwenye vipimo vya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, wako hapahapa Kigoma.

14. Ni kweli Wakongo wameziba Lukuga?

Hakuna aliyekaa na koleo akaziba. Mto ule ni mwembamba kwa ziwa lenyewe, na unajaa mchanga na majani, hilo ni kweli na linachelewesha maji kutoka. Lakini piga hesabu: ziwa lina kilomita za mraba karibu 32,900. Kulishusha sentimita MOJA inabidi utoe mita za ujazo milioni 329. Hata Lukuga ingesafishwa kesho usingeamka wiki ijayo ukakuta uwanja wako umerudi. Ziwa lina nchi nne, Congo wana kama asilimia 45, sisi kama 41, na Kalemie kwenyewe wamefurika kama sisi, kwahiyo wanaofaidika na kuziba sijui ni nani.

15. Mbona Bangwe wengine hawakuguswa na Kibirizi imeingia?

Mteremko. Kwenye mwamba unaoshuka wima, ziwa likipanda mita moja linapanda ukutani basi. Kwenye ufukwe ambao kila mita 100 unapanda mita 2, mita moja ya maji inaingia nchi kavu mita 50. Kwenye tambarare za mdomo wa Malagarasi kule Ilagala ni zaidi ya hapo.

Wa Katubuka msichanganye, nyie maji yenu ni habari ya bwawa, mko bondeni, mvua inashuka kutoka mitaa ya juu inakusanyika na haina pa kutokea. Unaweza kufurika Katubuka mwaka ambao ziwa limetulia.

16. Hii imewahi kutokea zamani?

Tena kubwa kuliko hii. Burton na Speke walifika ziwani 1858, Livingstone na Stanley wakakutana Ujiji 1871, na miaka hiyo maji yalikuwa yanapanda kwasababu mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Mzungu mwingine, Cameron, alipofika Lukuga 1874 hata kukubaliana kama ni mto unaotoka ilikuwa ubishi. Mwaka 1878 hivi kizibo kikasukumwa, na ziwa likashuka kama mita 10 katika miaka iliyofuata.

Nenda Ujiji kwenye mnara wa Livingstone usimame, angalia maji yalipo. Wageni wananiuliza mbona wazungu wanasema mji ulikuwa ufukweni wakati kuna mwendo wa miguu. Ufukwe ndo uliondoka. Viwanja vingi tunavyogombania leo vilikuwa chini ya maji wakati huo, na aliyeviuza mara ya kwanza sijui alivinunua kwa nani, labda kwa samaki, migebuka.

17. Sheria inasema mita 60 kutoka ziwani. Kutoka wapi sasa, maji ya leo au ya zamani?

Hili ndo swali gumu kuliko yote na linaliza watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Ulijenga ukiwa mita 85, ziwa limekuja mita 50, leo uko mita 35 bila kusogeza tofali.

Mimi sio mwanasheria. Ninachowaambia watu ni hiki: ukiwekewa alama ya X, omba kwa maandishi mstari uliotumika ni wa tarehe gani na umepimwa na nani. Tafuta picha za nyuma za eneo lako (swali la 3), uprinti zikiwa na tarehe. Na kama ndo unataka kununua, pima mita 60 kutoka pale maji yalipofika 2024, sio yalipo siku dalali anakupeleka, maana dalali anakupeleka Septemba, kiangazi maji yameshuka, na anajua kwanini.

18. Dagaa wamepungua, nayo ni ya kimo cha maji?

Hiyo ni zaidi ya joto na uvuvi. Maji ya juu ya ziwa yamepata joto kwa miaka mingi, na ya joto ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika. Chakula kimelala chini, ziwa linakwenda mita 1,470, na chini ya mita mia moja mpaka mia mbili na kitu hakuna hata hewa ya samaki. Upepo wa kusi kuanzia Mei ndo unakoroga, joto likizidi unakoroga kidogo. Nyavu zenu nazo mnazijua wenyewe.

## Msitu na moto

19. Nitaonaje msitu wa kijiji chetu ulivyopungua?

Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972, na tangu 2008 zote ni bure. Za sasa pikseli moja ni mita 30 kwa 30, kama robo ekari hivi. Sentinel-2, tangu 2015, ni mita 10 na inapita kila siku tano. Huna kompyuta? Google Earth ina Timelapse inayoanza 1984, unaangalia kama sinema.

Mfano wetu wa nyumbani ni Gombe. Jane Goodall alifika 1960 miti imejaa, hifadhi ya taifa ikatangazwa 1968. Picha ya 1972 ukiiweka pembeni ya ile ya 1999, ndani ya mpaka kijani kipo, nje ya mpaka vilima vimebaki vipara, mpaka wa hifadhi unauona bila kuchorewa. Mradi wa TACARE wa taasisi ya Goodall ulianza 1994 kufanya kazi na vijiji, baadae wakawa wanakaa na wanakijiji juu ya picha kubwa ya setilaiti iliyoprintiwa, mzee anaonyesha kwa kidole hapa chanzo cha maji, hapa kaburi, na vijiji vikatenga misitu yao na walinzi wenye simu za kurekodi.

20. Nimeangalia Agosti msitu wote umekwisha, Aprili umerudi. Setilaiti inadanganya?

Miombo inapukutisha majani kiangazi, ndo tabia yake. Linganisha Agosti na Agosti, Mei na Mei. Na masika usihangaike, picha nyingi ni mawingu tu, labda utumie za rada.

Kosa la pili ni letu hasa wa Kigoma: michikichi. Kutoka juu shamba la michikichi iliyoshikana ni kijani kizito, programu inasema msitu umeongezeka, kumbe ni mawese. Mtu wa Nairobi au Ulaya hawezi kujua, nenda kwa miguu ukaangalie.

21. Zile nukta nyekundu za moto kwenye ramani, kijiji kizima kiliungua?

Hapana. Nukta inasema ndani ya kipande cha karibu mita 375 kulikuwa na joto kali setilaiti ilipopita. Inaweza kuwa mtu anachoma shamba la kona moja. Na moto uliowashwa na kuzimika kati ya mapito mawili hauonekani kabisa.

## Kurekebisha ramani

22. Jina la kijiji chetu limekosewa, nani anabadilisha?

Kwenye Google Maps unapendekeza, wao wanaamua. Kwenye OpenStreetMap, iliyoanza 2004, unafungua akaunti unabadilisha mwenyewe, na watu wa Organic Maps na OsmAnd wanalipata wakisasisha. Andika jina wanavyolitamka wenyeji. Msichore nyumba mnazozikumbuka, chora mnazoziona.

23. Na hizi anwani za makazi?

Hizo ni za serikali, operesheni ya 2022, zipo kwenye programu ya NaPA, na postikodi zetu zinaanza na 47. Namba ya nyumba sio hati ya kiwanja. Narudia, SIO hati.

24. Naweza kurusha droni nipige ufukwe?

Omba kibali cha TCAA kwanza, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga. Tuko mpakani hapa, kitu kinaruka juu ya bandari bila ruhusa hutapenda jioni yako.

25. Maji yakirudi chini, nifute pini zangu za sasa niweke mpya?

Usifute. Weka mpya pembeni ya ya zamani na kwenye jina andika tarehe, mfano "ukingo wa maji 14 Mei". Yule mama wa Kibirizi sasa ana tatu: ya mchanga mkavu, ya magotini, na ya juu zaidi aliyoichagua mwenyewe kwa kufuata mstari wa matete makavu na makopo maji yalipoishia. Vichanja vipya amevisimika hatua ishirini nyuma ya hiyo ya tatu. Hatua zake yeye, nami nimeziandika hivohivo kwenye ramani.